Nani Amebisha Hodi Kwanza? Maswali Yenu Kuhusu NAT

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti kuhusu NAT, yaani kazi ya ruta ya kubadilisha anwani za mtandao: ruta inabadilisha anwani gani, inaibadilisha wakati gani, na kwa nini kamera inakataa. Katika mifano yetu, 203.0.113.10 ndiyo anwani ya umma ya ruta. Namba hiyo imetoka kwenye kundi lililotengwa kwa mifano ya maandishi tu, kwa hiyo usiinakili ilivyo. Weka yako.

Nina ploti ya nyumba 40, zote zinatumia laini moja ya faiba kupitia ruta ya MikroTik. Niliweka kanuni ya srcnat ili wapangaji watoke, kisha ya dstnat ili majibu yarudi. Intaneti inafanya kazi, lakini rafiki yangu anasema ile ya pili haina maana. Nani mkweli?
*Mwenye ploti, Umoja*

Rafiki yako. Majibu hayahitaji kanuni ya kuyarudisha.

Kila pakiti (kipande cha data) ya TCP au UDP, njia mbili kuu za kusafirisha data, hubeba anwani na poti (namba ya huduma au programu ndani ya kifaa) ya mtumaji, halafu anwani na poti ya mpokeaji. NAT ya mtumaji, ambayo mafundi huiita SNAT (srcnat kwenye MikroTik), hugusa jozi ya kwanza. NAT ya mpokeaji, yaani DNAT (dstnat), hugusa jozi ya pili. Tuseme simu ya mpangaji yenye 192.168.10.25 inafungua tovuti iliyoko 198.51.100.7. Inatoka na poti yake, labda 51514, ikielekea poti 443. Anwani za 192.168 hazina njia kwenye intaneti. Zilitengwa kwa matumizi ya ndani, pamoja na zile za 10 na za kuanzia 172.16 hadi 172.31. Seva ya mbali hata ikilipata ombi hilo, haina pa kulijibu.

Ndipo ruta inapofuta 192.168.10.25, ikaandika 203.0.113.10 mahali pake, na kuweka kumbukumbu kwenye jedwali la miunganisho: huyu wa ndani, kwa poti hii, anazungumza na yule wa nje. Jibu likifika, ruta haisomi tena kanuni zako za NAT. Husoma jedwali, hugeuza kinyume, na mpangaji hupata chake. Wapangaji wawili wakiangukia poti ileile kwenda seva ileile, mmoja hubadilishiwa poti, na hilo nalo huandikwa.

DNAT ni ya mgeni. Kama ndani ya ploti kuna kamera au seva, na mtu wa nje ndiye anayeanza mazungumzo, jedwali halina habari zake. Ni bodaboda aliyefika getini na mzigo: jina la ploti analo, namba ya nyumba hana. Kanuni ya DNAT humwambia bawabu kwamba mzigo wa poti 8000 uende kwa 192.168.10.50. Kamera ikijibu, jedwali ndilo litakalogeuza, wala hakuna SNAT ya ziada inayohitajika.

Kwa hiyo kabla ya kuandika kanuni, jiulize nani atakayebisha hodi kwanza. Akiwa wa ndani, ni SNAT. Akiwa wa nje, ni DNAT. Kwenye ruta yako zinaandikwa hivi, ether1 ikiwa ndiyo mlango wa nje:

`/ip firewall nat add chain=srcnat out-interface=ether1 action=masquerade`

`/ip firewall nat add chain=dstnat dst-address=203.0.113.10 protocol=tcp dst-port=8000 action=dst-nat to-addresses=192.168.10.50 to-ports=8000`

Sasa irudie hiyo kanuni yako ya pili uitazame vizuri, maana huenda si ya bure tu, ikawa ya hatari. Kama haina poti, umeifungulia intaneti nzima kifaa kimoja cha ndani. Kama ina dst-port=80 lakini haina dst-address wala mlango wa kuingilia, basi itanasa hata wapangaji wanaotoka: anayefungua tovuti yoyote ya poti 80 ataletewa ukurasa wa kamera yako. Kosa hili ni la kawaida mno, na lawama huishia kwa kampuni ya intaneti.

Utaratibu wa kazi ndani ya ruta nao unafaa kuujua. DNAT hufanywa kabla ruta haijaamua njia, kwa sababu njia huchaguliwa kwa anwani ya mpokeaji. Ikibadilishwa baadaye, pakiti itakuwa imeshaelekezwa kwingine. SNAT hufanywa mwishoni, mlango wa kutokea ukishajulikana. Kwenye Linux hatua hizo huitwa PREROUTING na POSTROUTING, na kanuni zake huandikwa kwa amri ya iptables. Katikati yake ndipo faiwali, kichujio cha kuruhusu au kukataa pakiti, hukaa, na hapo wengi hujikwaa: faiwali huona anwani ya mpokeaji ikiwa imeshabadilishwa. Ukipeleka poti 8080 ya nje kwenda poti 80 ya seva, kanuni ya faiwali iruhusu 80 (eth0 ndiyo mlango wa nje):

`iptables -t nat -A PREROUTING -i eth0 -p tcp --dport 8080 -j DNAT --to-destination 192.168.10.50:80`

`iptables -A FORWARD -p tcp -d 192.168.10.50 --dport 80 -j ACCEPT`

Ukiandika 8080 kwenye mstari wa pili, utakesha. Hakikisha pia net.ipv4.ip_forward ni 1, la sivyo Linux haitapitisha pakiti za wengine kabisa.

Tena, kanuni za NAT husomwa kwa pakiti ya kwanza tu ya kila muunganisho. Ndiyo maana kihesabu cha kanuni huonyesha pakiti chache huku gigabaiti zikipita, na ndiyo maana ukibadilisha kanuni wakati ping (pakiti za kupima kama kifaa kinajibu) inaendelea, ping hiyo hubaki na tabia ya zamani. Isimamishe kwa zaidi ya sekunde 30 au ufute muunganisho huo kwenye jedwali, kisha upime upya.

DVR (mashine ya kurekodi picha za kamera) ya duka langu inafunguka vizuri nikiwa nyumbani Donholm, kwa anwani ya umma na poti 8000. Nikifika dukani na kuingia waifai ya duka, programu ileile kwenye simu inazunguka tu. Fundi amebadilisha DVR mara mbili.
*Mfanyabiashara, Luthuli Avenue*

Rudisha ile DVR ya kwanza, haikuwa na kosa.

Fuata safari ya pakiti. Simu yako, 192.168.10.30, inaita 203.0.113.10. Ruta inafanya DNAT na kuipeleka kwa DVR, 192.168.10.50, lakini anwani ya mtumaji inabaki 192.168.10.30. DVR inatazama, inaona ni jirani wa mtandao uleule, na inamjibu moja kwa moja kupitia swichi bila kurudi kwa ruta. Simu inapokea jibu kutoka 192.168.10.50 ilhali ilimwita 203.0.113.10. Jibu la mtu usiyemwita hutupwa. Ukiwa Donholm jambo hili halitokei, kwa sababu jibu halina njia nyingine ila kupitia ruta.

Dawa ni kumlazimisha DVR amrudishie ruta, kwa kubadilisha pia anwani ya mtumaji. Muunganisho mmoja unafanyiwa DNAT na SNAT kwa pamoja:

`/ip firewall nat add chain=srcnat src-address=192.168.10.0/24 dst-address=192.168.10.50 protocol=tcp dst-port=8000 action=masquerade`

Ile masquerade ya kawaida (aina ya SNAT inayosoma anwani kwenye mlango wa kutokea) yenye out-interface=ether1 haisaidii hapa, kwa kuwa pakiti inatokea mlango wa ndani. Halafu chunguza kanuni ya dstnat yenyewe: kama fundi aliandika in-interface=ether1, ombi la simu yako halitaigusa, maana limeingilia upande wa waifai. Aondoe sharti hilo aweke dst-address. Kama anwani yako ya umma hubadilika kila ruta ikizimwa, aweke dst-address-type=local badala yake, na dst-address=!192.168.10.1 ili poti hiyo kwenye anwani ya ndani ya ruta isinaswe.

Gharama yake ni kwamba kumbukumbu za DVR zitaonyesha kila anayeingia kutoka waifai ya duka kama 192.168.10.1. Kwa duka si neno. Ila ukiwa na jina la tovuti badala ya namba tupu, njia tunayoipenda sisi ni kuiachia DNS ya ruta (huduma ya kugeuza majina kuwa anwani) ijibu jina hilo kwa 192.168.10.50 kwa walio ndani. Simu inamwendea DVR moja kwa moja na NAT haiguswi kabisa.

Nimefungua poti kwa kila njia, lakini tovuti za kupima poti zinasema imefungwa. Kwenye ruta, anwani ya mlango wa nje ni 100.72.14.9. Tovuti za kuonyesha IP zinanipa namba nyingine kabisa.
*Mwanafunzi, Kasarani*

Barua yako imejijibu yenyewe. Anwani zote kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255 zilitengwa mwaka 2012 kwa watoa huduma wanaofanya NAT yao wenyewe mbele ya wateja, ile iitwayo CGNAT. Wewe na majirani wengi mnatumia anwani moja ya umma, na ruta inayoimiliki iko kwa kampuni. Mgeni anayebisha hodi anaishia huko. Kanuni yako ya DNAT ni sahihi, ila hakuna pakiti inayoifikia. Kihesabu chake kitakaa sifuri mpaka kesho kutwa.

Si njama. Anwani za IPv4, yaani namba za aina hii tunazotumia hapa, kwa jumla ni 4,294,967,296, na akiba kuu ya dunia ya kuzigawia sajili za kanda iliisha Februari 2011.

Unaweza kuomba anwani ya umma isiyobadilika, ambayo kwa kawaida hulipiwa kila mwezi. Kama kampuni yako inatoa IPv6, mfumo mpya wenye anwani nyingi mno, kifaa hufikika bila NAT yoyote, mradi faiwali imeruhusu na anayepiga naye ana IPv6. Wasio na bajeti ya kwanza wala bahati ya pili hukodi seva ndogo yenye anwani ya umma na kuchimba handaki la WireGuard (programu ya VPN, yaani njia ya siri ndani ya intaneti) kutoka ruta ya nyumbani hadi huko. Ruta yako ndiyo inayobisha hodi, kwa hiyo CGNAT haina pingamizi. Weka PersistentKeepalive = 25 (pakiti ya kuamsha kila sekunde 25) upande wa nyumbani, kwa sababu nafasi ya UDP kwenye jedwali la NAT inaweza kufutwa baada ya sekunde 30 za ukimya. Upande wa seva, AllowedIPs ya ruta yako, orodha ya anwani zinazoruhusiwa kupitia handaki, ijumuishe 192.168.10.0/24 (anwani zote za 192.168.10), vinginevyo pakiti za kamera zitatupwa.

Kisha DNAT unaifanya kwenye ile seva ya kukodi. Tatizo litakalokupata ni la majibu: kamera itajibu, na ruta yako itayatoa kupitia laini ya kawaida badala ya handaki, yakapotea. Njia fupi ni SNAT kwenye seva, kwa kila kinachoingia handakini:

`iptables -t nat -A POSTROUTING -o wg0 -j MASQUERADE`

Kamera itamwona kila mgeni kama ile seva, na jibu litarudi lilikotoka.

Kijisanduku cha kampuni ya intaneti ni 192.168.1.1. Nimenunua ruta yangu nikaiunganisha nyuma yake. Nayo inatumia 192.168.1.1. Haitoi intaneti.
*Bi, South B*

Mitandao miwili imebeba namba moja, na ruta yako haijui 192.168.1.1 ni yeye au ni mwenzake. Badilisha ya ndani iwe 192.168.10.1 na itatoka. Kumbuka una NAT mbili sasa: ukitaka kufungua poti, ifungue kwenye kijisanduku kuelekea ruta, halafu kwenye ruta kuelekea kifaa. Au uombe kijisanduku kiwekwe katika hali ya daraja (bridge), kipitishe pakiti tu, NAT moja iondoke.

Seva yetu ya ofisi ina barua pepe na tovuti. Tangu mlinda mtandao mpya abadilishe kanuni, kumbukumbu zinaonyesha wageni wote wa dunia wanatoka 192.168.10.1. Juzi programu ya kuzuia wanaojaribu nywila iliifunga anwani hiyo, tukafungiwa sote.
*Msomaji, Westlands*

Tafuteni kanuni ya masquerade isiyotaja mlango wa kutokea. Tunaweka dau kwamba inasomeka hivi:

`iptables -t nat -A POSTROUTING -j MASQUERADE`

Hiyo inabadilisha mtumaji wa kila muunganisho unaopita, hata wa mgeni aliyeingia kwa DNAT na anaelekea kwa seva yenu. Mgeni anavuliwa anwani yake mlangoni na kuvishwa ya ruta. Tovuti itaendelea kufunguka, ndiyo maana kosa hili huishi miezi bila kuonekana. Iandikeni hivi:

`iptables -t nat -A POSTROUTING -s 192.168.10.0/24 -o eth0 -j MASQUERADE`

Suala la barua pepe ni la haraka kuliko mnavyodhani. Seva nyingi za barua hupangwa ziamini anwani za ndani na kuziruhusu zitume barua bila nywila. Ikiwa yenu ni hivyo, basi kwa muda wote huu kila tapeli wa nje ameonekana kuwa mfanyakazi mwenzenu. Kagueni foleni ya barua zinazotoka leo hii, kisha angalieni kama anwani yenu ya umma imeingizwa kwenye orodha za watumaji taka.

Kama mna tawi Mombasa au Kisumu lililounganishwa kwa IPsec (handaki lililosimbwa kati ya ofisi) kupitia mlango huohuo wa eth0, tangulizeni kanuni ya kuruhusu pakiti za kwenda tawini zipite bila NAT. Zikibadilishwa mtumaji, hazitalingana tena na sera ya handaki, na tawi litaonekana limezimika huku handaki likidai liko hai.

Kila jioni kuanzia saa moja, wapangaji wa jengo letu wanalalamika kurasa mpya hazifunguki, ila aliyekuwa anatazama video anaendelea. Laini haijajaa. Ruta ni kompyuta ya Linux.
*Fundi, Pipeline*

Mazungumzo ya zamani yakiendelea na mapya yakikataliwa, shuku jedwali la miunganisho. Limejaa. Hakikisha kwa amri hizi:

`sysctl net.netfilter.nf_conntrack_count net.netfilter.nf_conntrack_max`

`dmesg | grep conntrack`

Ukikuta maneno "table full, dropping packet", umeshafika. Piga hesabu: tuseme nyumba 80, kila moja ina vifaa 6, kila kifaa miunganisho 100 jioni. Hiyo ni 48,000, na bado hujahesabu kijana mmoja anayepakua kwa torenti au kompyuta yenye virusi inayogonga milango ya dunia nzima. Mmoja wa hao hufungua maelfu peke yake.

Pandisha kikomo hadi 262144. Kila mstari wa jedwali hula baiti mia tatu na kitu, kwa hiyo likijaa kabisa ni chini ya megabaiti 100, kitu kidogo kwa kompyuta yoyote ya leo. Lakini kupandisha tu ni kuahirisha. Linux huuweka muunganisho wa TCP ulionyamaza kwa sekunde 432000, yaani siku 5, hata kama simu ilishatoka kwenye waifai na kwenda zake kazini. Ushushe hadi 7440:

`sysctl -w net.netfilter.nf_conntrack_tcp_timeout_established=7440`

Namba hiyo haikuokotwa: saa 2 na dakika 4 ndicho kiwango cha chini ambacho kanuni za kiufundi za NAT zinakubali kwa TCP. Ukienda chini yake utaanza kukata watu walioacha dirisha la kazi wazi. Andika thamani hizo kwenye faili lenye mwisho wa .conf ndani ya /etc/sysctl.d/, la sivyo stima ikipotea zitapotea nazo.

Poti hazikuishii, ikiwa ndiyo hofu yako. Zipo 65,536 kwa TCP, lakini Linux inaweza kutumia poti moja ya nje kwa seva nyingi tofauti kwa wakati mmoja. Uhaba huanza pale maelfu wanapoikimbilia seva ileile kwenye poti ileile, jambo gumu kufikiwa na jengo moja.

Kuhusu leseni ya kuuzia wapangaji intaneti, uliyoiuliza mwishoni mwa barua, hilo ni la Mamlaka ya Mawasiliano, si letu.

SNAT na MASQUERADE zina tofauti gani? Zote zinafanya kazi.
*Anayejifunza, Githurai*

SNAT unaitajia anwani; MASQUERADE huisoma kwenye mlango wa kutokea. Mlango ukizimika, MASQUERADE husahau miunganisho iliyopitia hapo. Kwa laini ya PPPoE (inayoingia kwa jina na nywila ya mteja) au ya simu, ambayo huamka na anwani mpya, hilo ndilo ulitakalo. Kwa anwani isiyobadilika tumia SNAT, ili laini ikikatika sekunde chache mazungumzo yaendelee.

Jirani ananiambia NAT inatosha, sihitaji faiwali. Nimefungua poti 3389 tu, ya kuingilia kompyuta ya ofisi nikiwa mbali.
*Mhasibu, Ngara*

Funga hiyo poti kwanza, kisha uendelee kusoma.

NAT haikuundwa kulinda. Mgeni hukosa njia ya kuingia kwa sababu tu jedwali halimtambui, na ukishaandika DNAT umemchorea njia mwenyewe. Poti 3389 hupapaswa na mashine za kubahatisha nywila mchana na usiku. Kuihamishia 33890 kwa nje hupunguza kelele tu, maana wanaopapasa hupitia poti zote. Weka VPN na uifikie kompyuta kupitia humo. Ikibidi kabisa kuiacha wazi kwa muda, ongeza src-address ya anwani unayotokea kwenye kanuni ya dstnat. Halafu kagua kama ruta imewashwa UPnP, kwa kuwa hiyo huruhusu kifaa chochote cha ndani kujifungulia poti bila kukuuliza.